Luqmani bin Mansuri na Diski Isiyoonekana

Sogeeni, enyi watu wa Bigwa na wa Msamvu, na ninyi wa Mlali mlioshuka na matenga ya nyanya! Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, mwambieni muuza kahawa atulize vikombe vyake, kwani nitakayoyasimulia hayajapata kutokea tangu milima ya Uluguru ianze kujitanda mawingu. Wako waliosimulia habari za falme zilizoanguka na majeshi yaliyozama mitoni. Mimi majeshi sina. Mimi nasimulia jinsi Luqmani bin Mansuri, mume wa Chausiku, baba wa Zawadi, alivyoilazimisha kompyuta ya mwaka elfu mbili na sita iione diski mpya. Mwenye haraka na aondoke sasa, maana shughuli yenyewe ilichukua siku nzima.

Luqmani huyu, mjue, hakuwa mtu wa hivi hivi. Kwa miaka thelathini hapakufungwa ndoa ya maana kuanzia mjini hadi vilimani pasipo yeye kuwapo, kamera ya video begani, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, taa yake ikiwaunguza maharusi nyuso. Wazazi wa bibi harusi walimngoja yeye kabla ya kumngoja shehe. Kisha ikaja siku ambayo kila shangazi alipata simu yenye kamera, na ufalme wa Luqmani ukaanguka bila kufyatuliwa risasi hata moja. Akastaafu. Akarudi nyumbani kwake Bigwa na mabaki ya enzi yake: deki moja ya kuchezea mikanda ya video, na kompyuta moja yenye umbo la sanduku la chuma, iliyonguruma kama mashine ya kusaga ikiwashwa. Chausiku, ambaye alikuwa mke wake wa pekee, aliiita mke mwenzangu.

Kompyuta hiyo haikuweza kutupwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kadi ya kuhamishia picha kutoka kwenye mikanda, na kadi hiyo ilikataa kufanya kazi katika mashine nyingine yoyote iliyozaliwa baada yake. Wala haikuweza kuingizwa kitu kipya, kwa sababu ilikuwa imejaa. Luqmani alikuwa ameapa kutofuta harusi ya mtu. Basi zilikuwamo harusi zote, pamoja na ya bwana mmoja aliyeishi na mkewe majuma sita, na ya bwana mwingine aliyeoa mara tatu kwa wake watatu, na zote tatu zimehifadhiwa kwa mpangilio wa tarehe.

Ikawa Alhamisi moja asubuhi, umande ungali kwenye migomba, akabisha hodi mama mmoja kutoka Mlali, jina lake Mwanvita, mkononi ana mkanda wa video uliofungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Mzee Luqmani, hutanikumbuka. Ulitupigia picha harusi yangu mwaka tisini na nane. Mkanda wenyewe ndio huu. Jumamosi mwanangu Yasmin anaolewa." Akaufungua upindo wa ile kanga. "Mama yangu yumo humu, anazungumza. Alifariki Yasmin akiwa bado tumboni. Huyu mtoto hajawahi kuisikia sauti ya bibi yake, na picha tuliyonayo ni ile ya kitambulisho tu. Nataka Jumamosi, wanawake wakikaa kumfunda, bibi yake naye aseme."

Luqmani aliupokea mkanda kwa mikono miwili. Akakiinua kifuniko chake kwa ukucha, akauelekeza dirishani. Juu ya ule utepe mweusi palikuwa na madoa meupe, mithili ya unga wa muhogo. Unyevu wa vilimani ulikuwa umeotesha kuvu humo ndani kwa miaka isiyopungua ishirini na mitano.

"Mwanangu," akanena, "mkanda huu utakubali kupita kwenye deki mara moja. Mara ya pili sikuahidi."

Mwanvita akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ametoka Mlali alfajiri, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hapo ndipo Chausiku, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alipotoa shauri ambalo lingemaliza hadithi hii kabla haijaanza. "Baba Zawadi, si uchomeke deki kwenye televisheni, mkanda ucheze, Mwanvita arekodi na simu yake? Mara moja hiyo hiyo. Kabla maharage hayajaiva mmemaliza."

Luqmani akasimama. Naam, akasimama wima, na shati lake la kulalia likamtanda kifuani kama deraya ya vita.

"Mama Zawadi! Mimi, Luqmani, niliyesimama juu ya meza nikapiga picha harusi za wakuu wa wilaya wanne, niichukue sauti ya marehemu kwa simu inayotetemeka mkononi, pamoja na kelele za feni na za kuku wa jirani? Watu watasema nini?"

"Hakuna atakayesema kitu. Na kuku nitamfukuza."

"Sauti hii itaingia kwa waya, kutoka kwenye deki hadi kwenye kompyuta, safi, kama ilivyotoka kinywani mwake!"

"Haya. Kompyuta imejaa. Futa harusi moja."

"Sifuti."

"Hata ya yule wa majuma sita?"

"Hata yake. Huenda wakarudiana."

Chausiku akarudi kwenye mchele wake. Alikuwa ameolewa na shujaa kwa miaka arobaini na moja, akazijua dalili.

Ndipo Luqmani alipoikumbuka silaha. Binti yao Zawadi, mwalimu huko Dodoma, alikuwa amemletea baba yake diski ya kuweka ndani ya kompyuta, kubwa ajabu, terabaiti mbili, yenye nafasi ya kutosha kuozesha mkoa mzima. Ilikuwa imekaa kabatini miaka miwili ndani ya kasha lake, kwa kuwa shujaa alikuwa akiitafutia siku iliyo sawa na hadhi yake. Siku imefika. Akatwaa bisibisi. Akaifungua kompyuta ubavuni, akapuliza vumbi la awamu tatu za uongozi wa nchi, akaichomeka diski kwa waya wa data na waya wa umeme, akasema bismillahi, akabonyeza.

Kompyuta ikanguruma, ikawaka, ikaonyesha diski moja. Ile ya zamani, iliyojaa.

Akazima, akachomoa, akachomeka. Akawasha. Diski moja. Akabadili waya. Diski moja. Akaipigapiga ubavuni kwa upole kama mtu amwamshaye mgonjwa. Diski moja. Kompyuta ilimtazama Luqmani jinsi karani amtazamavyo mtu aliyekuja bila fotokopi.

"Imekufa?" akauliza Mwanvita.

"Inajitayarisha," akasema Luqmani.

Saa nne ilipopita bila maandalizi hayo kukamilika, shujaa aliifunga diski ndani ya taulo, akapanda bodaboda, akaelekea Msamvu kwa Gabrieli, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Gabrieli alikuwa kijana wa makamo, mwenye wateja sita wanaongoja na chapati moja inayopoa. Akaipokea diski, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe, na kabla Luqmani hajamaliza utangulizi wa shida yake, diski ikaonekana.

"Mzee wangu, diski yako iko fresh kabisa," Gabrieli akasema. "Mashine yako ndiyo ina shida. Ni ya mwaka gani?"

"Elfu mbili na sita."

Gabrieli akaiacha chapati. "Bado inawaka?"

"Inawaka na kunguruma."

"Basi sikia, mzee. Hii diski imepangwa kwa mtindo mpya. Ni kama barua imeandikwa kwa herufi ambazo babu hakufundishwa. Anaishika, anaigeuza, anaona karatasi tu. Ngoja niipange kizamani. Mtindo wa zamani unabeba mpaka hizi terabaiti mbili, zaidi ya hapo ungekwama. Una bahati." Akabonyeza mara tatu. "Tayari. Lakini ushauri wangu, mzee, hilo dude lipeleke makumbusho."

Sasa mtu wa kawaida angeshukuru akaondoka. Luqmani akaiweka diski kifuani, akawageukia wale wateja sita kana kwamba ni baraza. "Kijana," akasema, "ndani ya hilo dude wamo watu waliokufa, na humo wanacheza muziki. Siku makumbusho watakapoweza kusema hivyo, nitalipeleka."

Wateja wawili wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akauliza kama foleni inasogea.

"Sawa mzee, nimekuelewa," akasema Gabrieli, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Ukifika, kama bado haijaiona, izime, iwashe, halafu bonyeza F2 haraka kabla haijaamka vizuri. Utaingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Mashine za namna hiyo zina matundu ya diski ambayo kiwandani waliyafunga. Huenda lako limefungwa. Lifungue."

Adhuhuri ilimkuta Luqmani amerudi kambini. Mwanvita alikuwa jikoni anamsaidia Chausiku kumenya ndizi, na wote wawili wakaja kusimama nyuma ya kiti chake. Diski ikarudishwa mahali pake. Kompyuta ikawashwa. Diski moja. Ikazimwa, ikawashwa, na kidole cha shahada cha Luqmani bin Mansuri kikaishukia F2 mara kumi na tisa.

Ukurasa wa buluu ukafunguka. Ukurasa wa maandishi madogo meupe, wa Kiingereza cha mafundi, usio na picha wala huruma. Luqmani akavaa miwani. Akapanda na kushuka, akaingia vyumba na kutoka, akigeuza hiki, akirudisha kile, akizima jambo asilolijua na kuwasha jambo lililo afadhali asingelijua. Aligeuza mambo kumi na matatu. Kisha akahifadhi, akajiegemeza, akafumba macho.

Alipoyafumbua, diski zilikuwa mbili.

"Iko!" akapaza sauti Mwanvita.

Chausiku akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha kupima. Na Luqmani, badala ya kuutia mkanda kwenye deki, badala ya kufanya lile moja lililomleta Mwanvita kutoka Mlali, alisimama kuhutubia. Akawashukuru waliomzaa. Akaitaja kamera yake ya kwanza. Akawakumbuka waliosema hataweza, ambao hawakuwahi kusema hivyo. Alikuwa amefika kwenye mafunzo ya vijana wa leo pale radi ilipopiga juu ya mlima, mvua ikamwagika bondeni, na umeme ukakatika.

Ukarudi saa nane na nusu. Kompyuta ikaamka, ikatangaza kwamba leo ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na sita, na kwamba ina diski moja.

Luqmani alirudi kwenye ukurasa wa buluu, na hapo akagundua jambo. Hakujua ni kipi kati ya vile vitu kumi na vitatu alichokigeuza kikamsaidia. Akajaribu kimoja. Akajaribu kingine. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Mwanvita alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkanda uko mapajani, haulizi chochote, na huko kutouliza ndiko kulikomshinda mzee. Aliondoa miwani, akaiweka juu ya meza, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Mama Zawadi," akasema kwa sauti ya chini, "nimesahau. Nilikuwa napapasa tu. Nimezeeka, na watu hawa wote niliwaambia nitawatunzia."

Mimi mwenye kusimulia nilikusudia kumdhihaki mtu huyu hadi mwisho wa hadithi yangu. Hapo naomba niwe kimya kwa sentensi moja.

Chausiku akafuta mikono kwa kanga, akasogea karibu, akainama kwenye kioo. "Ukurasa wa pili," akasema. "Mstari wa nne kutoka juu. Palikuwa na neno OFF. Ukabonyeza likawa ON, halafu ukakohoa. Yale mengine yote uliyageuza ukayarudisha."

"Uliona?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako saa nzima, Baba Zawadi. Ningetazama nini kingine?"

Ukurasa wa pili. Mstari wa nne. OFF.

Mkono wa Luqmani ukaenda kwenye kitufe, lakini Chausiku akaushika. "Ngoja kwanza. Umeme ukikatika tena itasahau tena. Kila siku hii mashine inaamka mwaka elfu mbili na sita, na kila siku wewe unairekebisha saa. Saa ya ukutani ikisahau, tunafanyaje?"

"Tunabadilisha betri."

"Na hii haina betri?"

Shujaa akazima mashine, akachomoa waya, akaingiza kichwa ndani ya lile sanduku. Katikati ya ubao mkuu, chini ya vumbi, palikuwa na betri moja bapa, ya mviringo kama sarafu. Ilikuwa humo tangu kiwandani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiitazama akidhani ni pambo.

Chausiku alikwenda jikoni akarudi na mizani yake ya kupimia unga wa keki, ile ya kioo, aliyoipenda kuliko vyombo vyote alivyokuwa navyo. Akaigeuza, akafungua kijifuniko kwa ncha ya kisu, akatoa betri ya umbo lile lile na ukubwa ule ule.

"Na keki zako?" Luqmani akauliza.

"Nitapima kwa kikombe. Mama yangu alipima kwa kikombe."

Basi na yaandikwe yafuatayo kwa wino usiofutika. Betri ya mizani ya keki iliingia kwenye ubao mkuu. Saa ilirekebishwa. Kidole kilishuka kwenye F2, kikaingia ukurasa wa pili, kikahesabu mistari minne, na neno OFF likawa ON. Yakahifadhiwa. Kompyuta ikanguruma, ikafikiri, ikafikiri tena, na saa kumi kasorobo alasiri, mbele ya mashahidi wawili na harufu ya ndizi zilizoungua, ikaziona diski mbili. Luqmani aliifumba midomo yake, akachomoa waya wa umeme kwa makusudi, akahesabu hadi sitini, akaurudisha. Mbili. Haikusahau.

"Hutahutubia?" Chausiku akauliza.

"Lete mkanda," akasema Luqmani.

Deki iliumeza mkanda kwa mlio wa meno. Kwenye kioo pakapita chenga, mistari, chenga tena, kisha ikatokea sebule ya Mlali ya mwaka tisini na nane, imejaa wanawake, na Mwanvita wa miaka ishirini amejifunika ushungi, anatazama sakafu. Pembeni yake alikaa mama mmoja mwembamba mwenye kitenge cha kijani. Akafungua kinywa, na maneno ya kwanza yaliyotoka, kwa lafudhi ya vilimani inayopanda mwishoni kama njia ya kwao, yalikuwa haya:

"We mpiga picha, hebu sogea huko! Unanizibia mwanangu."

Mwanvita alicheka. Alicheka akaziba mdomo kwa kanga, na ndani ya kanga kicheko kikageuka kilio. Chausiku akakaa naye mkekani, akamshika bega. Luqmani aliyefurushwa hakugeuka nyuma. Alikuwa akitazama mstari wa kijani unaoonyesha kwamba sauti inaingia, na midomo yake ilikuwa ikiomba umeme usikatike.

"Mwanvita," mama akaendelea kwenye kioo, "huko unakokwenda usilale na njaa kwa kuona haya. Chungu ni chako. Pakua. Na ukichoka, sema umechoka, usinune. Mimi baba yako nilimnunia miaka miwili, hakujua kama nimenuna." Wanawake wakaangua kicheko sebuleni. "Na ukizaa mtoto wa kike, mlete nimwone."

Mkanda uliendelea kwa dakika nyingine thelathini na moja, kwa ngoma, kwa sinia la pilau, kwa wajomba waliosimama bila kujua waangalie wapi. Kisha kuvu ikashinda. Utepe ukajikunja ndani ya deki, ukakatika kwa mlio mdogo wa uzi, na kioo kikawa cheusi.

"Umekatika," akasema Mwanvita.

"Umekatika," akasema Luqmani. "Lakini mama ameshapita."

Akaifungua diski ya terabaiti mbili mbele ya macho yao. Ilikuwa tupu kama uwanja wa mpira siku ya kazi, isipokuwa faili moja. Kompyuta ikauliza faili hilo liitwe nani.

"Tuandikeje?" akauliza mzee. "Harusi ya Mlali, tisini na nane?"

Mwanvita akatikisa kichwa.

"Andika Mama."

Akaandika. Akalinakili kwenye flashi, akamfungia ndani ya ile ile kanga, maana Jumamosi haikuwa mbali na mvua ilikuwa imepungua. Naye Mwanvita akaaga, akashuka ngazi za udongo kwa uangalifu, mkono umeikinga ile kanga.

Enyi wana wa Morogoro, wakati mataifa makubwa yanarusha vyombo mwezini, nanyi mkiona aibu kwamba hatujarusha kitu, kumbukeni Alhamisi hiyo. Hapakupigwa mizinga. Hakuna mtaa uliopewa jina. Mbunge hakufika, ingawa hakualikwa. Lakini kompyuta iliyodhani tungali mwaka elfu mbili na sita ilifumbua macho ikaona, na Jumamosi huko Mlali, katikati ya wanawake hamsini waliokaa mikekani, binti mmoja mwenye hina mikononi alimsikia bibi yake akiomba kuletewa mtoto wa kike amwone, akajibu kwa sauti, kama mtu aliyeitwa jina:

"Abee, bibi. Nimekuja."